Binti Kapangiwa Kilakala: Maswali Ambayo Wazazi Hawaachi Kuyauliza

Uchaguzi wa kidato cha kwanza ukishatangazwa, simu yangu haipumziki. Nilisoma Kilakala, sekondari ya serikali ya bweni ya wasichana iliyoko Morogoro, kisha nikampeleka binti wa kaka yangu hukohuko, kwa hiyo ukoo mzima, majirani na marafiki wa majirani wananihesabu kama ofisi ndogo ya shule. Mimi ni shangazi tu mwenye kumbukumbu. Kwa jambo lolote la kiofisi, fomu ya kujiunga na ofisi ya mkuu wa shule ndiyo neno la mwisho. Hapa nimeweka yale ninayoulizwa kila mwaka, ili nikipigiwa tena saa nne usiku nimtumie mtu ukurasa na nikalale.

Nafasi ya Kilakala inaombwa wapi?

Haiombwi. Binti anafanya mtihani wa darasa la saba, NECTA (Baraza la Mitihani) wanasahihisha, TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) wanapanga. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Kwenye tangazo la TAMISEMI utaona makundi: shule za bweni za ufaulu mzuri zaidi, shule za ufundi, bweni za kawaida na kutwa. Kilakala imo katika kundi lile la kwanza. Mtu akikuambia ana mjomba wizarani na anataka laki tatu ya "kusukuma jina", mwambie asante, kisha laki tatu hiyo nunua godoro, tranka na viatu, na chenji itabaki.

Wanasema ni shule maalumu. Ina maana ni ya watoto wenye ulemavu?

Hapana, ingawa swali halichekeshi. Nimewahi kumwona baba wa watu kabadilika sura aliposikia binti yake kapelekwa "shule maalumu". Kinachosemwa hapa ni shule ya vipaji maalumu, yaani ya wenye ufaulu wa juu. Kwa miaka mingi zimekuwa saba nchini: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana kwa upande wa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa upande wa wasichana. Elimu maalumu ni jambo lingine, na zipo shule za serikali za kawaida zinazopokea wanafunzi wenye ulemavu pamoja na wenzao. Jangwani ya Dar es Salaam inafahamika sana kwa hilo.

Bibi yake anaiita Marian. Ni shule hiyohiyo?

Bibi yuko sahihi. Ilianza miaka ya 1950 kwa jina la Marian College, chini ya masista wa Maryknoll kutoka Marekani. Ukipiga hesabu ya wakati ule utaelewa uzito wake: mkoloni alikuwa hajaondoka, na sekondari za wasichana Waafrika nchi nzima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Gertrude Mongella alitoka Ukerewe akiwa na umri wa miaka 12 kuja kusoma kwa masista hao Morogoro. Piga ramani hiyo kichwani, kisiwa cha Ziwa Victoria hadi chini ya Uluguru, kwa usafiri wa mwaka 1957. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa katibu mkuu wa mkutano wa nne wa dunia wa wanawake, Beijing 1995, na rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Wazee wakisema "Mama Beijing" wanamsema yeye.

Baada ya Azimio la Arusha, Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali. Marian ikawa ya umma na ikachukua jina la mahali ilipo, Kilakala.

Angalizo: ipo Marian Girls ya Bagamoyo. Hiyo ni ya binafsi, ya Kikatoliki, imeanza miongo mingi baadaye. Kila mwaka kuna mzazi anayesoma habari za ada ya Bagamoyo akadhani ni za Kilakala, akapandisha presha bure.

Basi ada ni shilingi ngapi?

Hakuna ada. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ikafutwa kidato cha tano na cha sita pia. Kabla ya hapo bweni la serikali lilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka na kutwa 20,000.

Lakini "bila ada" si "bila gharama", na hapa ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Sare, godoro, shuka, viatu, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi, matibabu, hela ya mfukoni: vyote hivyo ni vyako. Anza kuweka tangu Oktoba. Ukisubiri majina yatoke Desemba, utajikuta unanunua kila kitu Januari na watu wote, na Januari wauza tranka wanajua kabisa wewe ni nani na una shida gani.

Nimnunulie nini?

Kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, kwa rangi iliyoandikwa, kwa idadi iliyoandikwa. Usimnunulie shuka za maua kwa sababu zimekupendeza wewe.

Yapo mambo ambayo fomu haiyasemi. Tranka inunuliwe ya bati zito, na kabla hujalipa ifunge na kuifungua mara tano dukani. Bawaba mbovu hujulikana mapema. Kufuli liwe na funguo zaidi ya moja. Mimi siku ya kwanza nilisahau funguo ndani ya begi la mama, begi likarudi na mama Mwanza, na mimi nikabaki na tranka iliyojaa kila kitu na sina hata mswaki. Fundi wa shule aliikata kufuli kwa msumeno wa chuma mbele ya bweni zima. Mpaka nahitimu kuna walioniita "Msumeno".

Ndoo ziwe mbili, na uandike jina kwa rangi ya mafuta pembeni na chini pia. Ndoo ya bweni isiyo na jina ni mali ya umma. Nguo za ndani nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu masika Morogoro nguo haikauki siku mbili. Taulo za kike za muhula mzima, pamoja na za kumgawia mwenzake aliyeishiwa, maana hilo litatokea tu. Kama binti hajaanza hedhi, kaa naye kabla hajaondoka umweleze kila kitu. Asiende kuelezwa na kidato cha pili wa kitanda cha juu.

Tunafikaje?

Kilakala iko ndani ya Manispaa ya Morogoro, miguuni pa milima ya Uluguru. Kwa basi unashuka Msamvu. Kutoka hapo chukua bajaji au teksi, na kwa sababu ya tranka na godoro, patana bei kabla mizigo haijapakiwa. Kutoka Dar es Salaam siku hizi ipo treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024; stesheni yake iko Kihonda, pembeni kidogo ya mji, kwa hiyo hesabu na nauli ya kutoka pale. Treni ni ya raha, ila ina utaratibu wake wa mizigo. Godoro la futi sita linahitaji mipango. Wengi tunapanda treni mikono mitupu na kununua godoro Morogoro mjini, ambako zimejaa.

Fika asubuhi. Ukifika saa kumi jioni utakuta foleni ya ukaguzi wa vifaa, mtoto kachoka, na wewe unawaza basi la kurudi.

Kasoma shule ya Kiswahili. Ataweza Kiingereza?

Ataweza, ila miezi ya mwanzo itamuuma, na ni vizuri mkaambiana ukweli huo mapema. Miaka saba amesoma sayansi kwa Kiswahili. Ghafla karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, linafundishwa kwa Kiingereza, na kando yake amekaa mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza anayenyoosha mkono kila dakika.

Binti wa kaka yangu alinisimulia kipindi kimoja cha baiolojia. Mwalimu alizungumzia "photosynthesis" dakika 40. Yeye akaandika kila kitu, hakuelewa kitu, akatoka akiwa ameshajiona mjinga. Usiku wakati wa prepu, yaani kujisomea, akachora mchoro uleule wa ubaoni: jani, jua, mishale ya maji na hewa. Akauangalia. Akashtuka: kumbe ni usanisinuru! Alikuwa anaijua tangu shule ya msingi, tena mtihani wa mwisho aliipata yote. Kitu kilikuwa kilekile, kimevaa nguo nyingine.

Nilimnunulia kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili na daftari dogo. Kila siku maneno kumi: upande huu la darasani, upande ule lile alilolijua tangu zamani. Nguvu, kani, mgandamizo, tindikali. Kufikia Juni hakulihitaji tena. Hiyo miezi minne ya likizo na kusubiri kati ya Septemba na Januari ndiyo ya kuitumia. Kozi za kujiandaa zipo kila mtaa na nyingine ni upotevu wa hela, lakini mtoto kusoma kurasa mbili za Kiingereza kila siku kwa sauti hakugharimu kitu.

Siku zote alikuwa wa kwanza. Ripoti imekuja, ni wa 74. Tumrudishe?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote hapa ni ya ndoo na nauli.

Fikiria darasa hilo limepatikanaje. Kila aliyekaa pale alikuwa wa kwanza au wa pili mahali fulani. Kuna wa kwanza wa Namtumbo, wa kwanza wa Karagwe, wa kwanza wa Mbagala. Ukiwaweka pamoja na kuwapa mtihani mmoja, lazima mmoja wao atakuwa wa mwisho, na yule wa mwisho bado ndiye aliyewapita watoto wote wa kata yake. Namba imebadilika kwa sababu kundi limebadilika.

Mtoto wa miaka 13 au 14 hana hesabu hiyo kichwani. Anachojua ni kwamba nyumbani alikuwa "yule mwenye akili", na sasa cheo hicho kimeondoka. Nimeona wasichana wanaamka saa nane usiku kupiga msuli wa masomo bafuni, kisha wanasinzia darasani, kisha wanashuka zaidi. Nimeona wengine wanasusa kabisa. Na nimeona, samahani nikisema wazi, baba anayefika siku ya kutembelea, anasoma ripoti kabla hajamsalimia mwanawe.

Nikuombe mambo mawili. Usitazame nafasi, tazama alama. Wa 74 mwenye 68 ya hisabati ana B. NECTA kidato cha nne hawatauliza alikuwa wa ngapi Kilakala, watatoa B. A inaanza 75, B 65, C 45, D 30. La pili, ukiongea naye kwa simu ya matroni una dakika tatu hivi. Usizimalize zote kwa "umepata ngapi?" Muulize anakaa na nani mezani. Mtoto mwenye rafiki wawili bwenini hupanda. Asiye na rafiki, hata awe na akili za namna gani, anahangaika.

Kumrudisha? Kama anaumwa, kama haongei, kama halali, nenda ukamwone na uongee na mwalimu wa malezi. Kwa namba tu, hapana.

Kilakala ni ya ngapi kitaifa?

Tangu matokeo yaliyotoka mapema 2023 NECTA wameacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Kwa maoni yangu walichelewa. Kama unataka kupima, fungua matokeo ya shule yenyewe kwenye tovuti yao uhesabu madaraja.

"One ya saba" ni nini? Kila mtu anaitaja.

Kidato cha nne huhesabiwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, kwa hiyo aliyepata A saba ana "one ya saba", na hakuna kinachopita hapo. Kidato cha sita yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo anaosomea, basi kilele chake ni "one ya tatu". Lakini one ya kumi na nne nayo ni one, jamani, msiwanyime watoto pongezi zao.

Anaruhusiwa simu?

Hapana. Hata ile ndogo ya tochi. Usimfundishe kuificha kwenye boksi la sabuni. Matroni wameiona kabla hujazaliwa.

Wanachapwa?

Kisheria viboko bado vipo katika shule za Tanzania, ila kanuni zinaweka mipaka ambayo mzazi anapaswa kuijua: visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule, viandikwe katika daftari maalumu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina. Kinachozidi hapo si adhabu ya shule, na una haki ya kuhoji kwa maandishi. Mimi binafsi sioni fimbo ilimfundisha nini mtu, lakini hujaniuliza hilo.

Hijabu na ibada?

Wasichana wa Kiislamu wanaruhusiwa kuvaa hijabu pamoja na sare, kwa rangi inayoelekezwa na shule. Jina la Marian lisikutishe: ni shule ya serikali, ya dini zote.

Wanakula nini?

Chakula cha bweni la serikali: uji asubuhi, ugali na maharage, makande, wali kwa siku zake. Hakuna anayesifia akiwa shuleni na hakuna asiyeyasimulia kwa mapenzi akishahitimu. Kama binti ana vidonda vya tumbo, selimundu, pumu au mzio, andika kwenye fomu ya afya na umwone matroni ana kwa ana. Wazazi wanaficha ugonjwa wakidhani mtoto atakataliwa, kisha usiku wa manane watu wasiojua chochote ndio wanahangaika naye.

Ikitokea kapata mimba, ndiyo mwisho?

Zamani ilikuwa ndiyo mwisho. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua, na muda uliowekwa ni miaka miwili. Wengi mitaani bado hawajui, na wengine wanajua lakini wanamficha binti. Naandika hapa ili ajue na mama anayesoma kimyakimya.

Kidato cha tano anaendelea hapohapo?

Si lazima. Baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI wanapanga upya, na masomo yanaanza Julai. Wenye PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) zao wanaweza kujikuta Tabora au Msalato, na wa kutoka kwingine wakaja Kilakala. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, kwa hiyo usimlazimishe udaktari kwa sababu wewe unazijua herufi tatu tu. Akimaliza cha sita kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Buti na tranki suti, ndiyo.

Mwanangu hakupata bweni, kapangiwa Jangwani. Tumepoteza?

Swali hili linaniudhi kidogo. Jangwani, Kisutu na Zanaki ni shule kongwe za wasichana za serikali katikati ya Dar es Salaam, na zimetoa wanawake walioko kila ofisi ya nchi hii. Tofauti kubwa iko barabarani. Bwenini binti anaamshwa na kengele; mjini anaamka saa kumi na nusu alfajiri Gongo la Mboto, anasimama kituoni, na konda anamtazama sare kisha anasema "wanafunzi wawili tu!" kwa sababu nauli yake ni shilingi 200. Akifika darasani ameshapigana vita moja tayari. Kama anasoma kutwa, fedha ambayo ungeiweka kwenye tranka iweke kwenye usafiri wa uhakika, au mtafutie ndugu wa kukaa naye karibu na shule. Na jioni, tafadhali, asipokelewe na rundo la vyombo. Kaka zake wana mikono.

Hela ya mfukoni kiasi gani?

Kidogo kidogo, na ipitie kwa mwalimu au matroni kama shule inavyoelekeza. Binti mwenye elfu hamsini ya wiki ya kwanza ana marafiki ishirini wiki ya kwanza na hana hata mmoja wiki ya tatu.

Niache namba gani ya simu shuleni?

Mbili, zote zinazopatikana usiku, na moja iwe ya mtu aliye karibu na Morogoro kama unaye. Ukibadilisha laini, waambie. Halafu funguo ya pili ya kufuli usirudi nayo. Mkabidhi matroni, kwa bahasha, imeandikwa jina.